Shokapu mpya, mlio ule ule: jibu kwa bodaboda wa Nkuhungu

Swali limetoka kwa kijana mmoja wa Nkuhungu hapa Dodoma mjini, kaandika hivi: "Shikamoo fundi. Nina Boxer 150 nilinunua kwa mtu ikiwa imeshatumika. Mbele inagonga ko ko nikipita kwenye rasta, vile vituta vidogo vya mfululizo barabarani, na nikishika breki ya mbele nikifika kwenye taa inagonga tena mara moja. Fundi wa hapa mtaani kaniambia shokapu zimekufa, nikabadilisha zote mbili, nimepumzika siku mbili tu mlio umerudi vile vile. Huwa napeleka mizigo na watu mpaka Mvumi. Nifanyeje, naogopa isije ikanidondosha na abiria."

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa hela iliyoenda. Nimeisoma meseji yako mara mbili, ile sentensi ya mwisho ya abiria ndo imenifanya nikae nijibu kwa urefu, mana wengi wanaonitafuta wanasema mlio unawakera, we umemuwaza mtu aliyekaa nyuma yako.

Nianze na hili. Kwa ulivyoeleza sidhani kama shokapu zako za zamani ndo zilikuwa zinagonga. Zinaweza zikawa zilichoka kweli, pikipiki ya mtu huwezi jua imepita wapi, ila kitu kinachogonga mara moja pale unaposhika breki ya mbele huku pikipiki inakaribia kusimama, mara nyingi sana kipo juu ya shokapu, kipo kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia. Ndani mle kuna gololi juu na gololi chini zinazozunguka kwenye vikombe vyake. Zikilegea au vikombe vikichimbika, sehemu yote ya mbele inakuwa na nafasi ya kwenda mbele na kurudi nyuma, nafasi ndogo tu unene wa kucha, ila ukiweka uzito wa pikipiki na mtu na gunia la mkaa juu yake inapiga kama nyundo.

Lakini sitaki uchukue neno langu kama ulivyochukua la yule fundi. Mimi pikipiki yako sijaishika. Nataka uipime mwenyewe leo leo, haihitaji hata spana, inahitaji mtu mmoja wa kukusaidia na kidole chako.

Kwanza elewa kwa nini watu wanakosea kwenye mlio wa mbele. Shokapu ni bomba, na bomba linabeba sauti. Kitu kikigonga juu kwenye shingo sauti inashuka na bomba mpaka chini unasikia kama inatoka kwenye tairi, na kitu kikigonga chini kwenye breki sauti inapanda unasikia kama ipo kwenye taa ya mbele. Weka na helmeti na upepo hapo. Kwa hiyo sikio usiliulize mlio unatoka wapi, litakudanganya, sikio liulize mlio unatoka wakati gani. Wapi ni kazi ya kidole.

Wakati ukoje sasa. Kuna mlio unaotoka ukishika breki ya mbele, ko moja, alafu ukiachia ko nyingine, huo ni wa kitu kinachocheza mbele nyuma. Kuna mlio unaotoka baada ya kupita tuta, yaani tairi imeshapanda imeshashuka ndo unasikia tok, au pale tairi inapodondokea kwenye shimo na shokapu inajinyoosha yote, huo ni wa shokapu kufika mwisho wake wa juu bila kuzuiwa. Kuna unaotoka ukiwa umebeba ukaingia shimo zito, ngwa, kinagonga mpaka mikono inakufa ganzi, hapo shokapu imefika mwisho wa chini. Na kuna ule wa kucheka cheka muda wote kwenye rafu rodi, chaka chaka chaka, ukigusa breki ya mbele kidogo tu unanyamaza, huo ni wa breki zenyewe au vitu vilivyolegea huko chini. Milio minne iyo fundi asiyeuliza ataisikia yote kama mmoja, atasema shokapu.

We umenitajia miwili, wa kwenye breki na wa kwenye rasta. Inawezekana ni kitu kimoja kinachotoa yote, na inawezekana una makosa mawili kwa wakati mmoja, kwa pikipiki ya mkono wa pili iliyokuwa inapiga kazi hilo la pili wala lisikushangaze.

Haya, kipimo. Tafuta sehemu tambarare, pikipiki isimame chini kwa tairi zote mbili, zima injini. We kaa juu, shika breki ya mbele ibane kabisa, alafu isukume pikipiki mbele na kuivuta nyuma kwa nguvu ya mwili, isitembee, inatikisika tu papo hapo. Mwenzako achuchumae mbele aweke kidole pale kile chuma cha chini kinachoshika shokapu zote mbili kinapokutana na shingo ya fremu, kidole nusu kiguse shingo nusu kiguse kile chuma. Kama gololi zimelegea atahisi vile vyuma viwili vinapishana chini ya kidole, tk tk, haihitaji uzoefu wa ufundi kuihisi iyo, hata mtoto atakwambia kinacheza. Alafu ahamishe kidole juu karibu na ile nati kubwa ya katikati ya usukani arudie.

Kama shingo imetulia kabisa, ahamie kwenye shokapu, pale bomba la kromu linapoingia kwenye bomba la chini. Pale kucheza kidogo sana ni kawaida kwa pikipiki ndogo mana nyingi bomba linateleza moja kwa moja ndani ya bomba jingine, lakini likigonga unalisikia na kulihisi, ujue limekula. Akitoka hapo ashuke chini kabisa kwenye bamba la breki, lile linalobeba breki shuu. Kidole kikae kati ya bamba na shokapu. Hapa nakuomba usiparuke, ntakwambia kwa nini baadae.

Kipimo cha pili tairi ya mbele iwe hewani. Simamisha stendi kubwa, mwenzako akandamize kiti cha nyuma au weka kipande cha gogo chini ya injini, hakikisha imekaa vizuri isikuangukie. Kaa chini mbele ya tairi, shika shokapu zote mbili kwa chini kabisa karibu na ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya tairi, vuta kwako, sukuma, vuta, sukuma. Shingo iliyolegea itagonga mikononi mwako. Alafu achia, weka kidole kimoja tu kwenye mkono wa usukani uuzungushe taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Unasikilizia kama kuna sehemu inakwama. Usukani mzima unateleza kama mlango mpya, ukiusukuma kidogo unaangukia upande wenyewe. Usukani uliochimbika ukifika katikati, pale tairi inapoangalia mbele, unanasa, kama vile kuna kishimo kinauvuta ukae hapo. Hiyo ikitokea huna haja ya kupima zaidi, vikombe vimeshakufa.

Nimekuwa nikieleza hili kwa miaka mingi na sababu ipo. Nikiwa bado kijana kwenye kazi hii alikuja mzee mmoja wa Bahi, mkulima wa mpunga, pikipiki yake inagonga mbele. Sikupima kitu. Nilikandamiza usukani mara mbili nikaona shokapu zina jasho la oili, nikamwambia mzee hizi zimekwisha. Akaenda, akauza mpunga, akarudi na hela, nikamfungia mpya. Kesho yake saa mbili asubuhi kasimama mlangoni, hajapiga kelele wala nini, kaniambia tu mwanangu bado inagonga. Niliifungua ile shingo mbele yake. Kikombe cha chini nilipokifuta grisi kwa kitambaa kilikuwa na vishimo vimejipanga duara kama punje za mtama ulizozibonyeza kwenye udongo mbichi, mbele na nyuma ya duara ndo vimezama zaidi, na grisi yenyewe haikuwa grisi tena, ilikuwa tope la rangi ya kutu. Seti ya gololi na vikombe vyake bei yake haikukaribia hata kidogo bei ya zile shokapu. Nilimfungia bure, na ile hela ya ufundi nikamrudishia, ila ya shokapu ilishakwenda dukani. Sijawahi kuuza shokapu bila kushika shingo tangu siku iyo.

Vile vishimo vinatokea hivi. Ukiwa safarini usukani upo katikati karibu muda wote, gololi zinakaa sehemu zile zile, kila shimo la barabara linazigongesha kwenye chuma sehemu ile ile. Gololi ikishalegea kidogo kugonga kunaongezeka, kikombe kinachimbika haraka, nafasi inaongezeka, mpaka unasikia. Na sisi huku tuna la ziada. Kuanzia mwezi wa tano mvua ikishakata mpaka mwezi wa kumi na moja ni vumbi, na ule upepo wa mwezi wa saba na wa nane unaujua, vumbi linaingia kila palipo na upenyo. Alafu jioni pikipiki inapelekwa kuoshwa kwa mashine ya presha, kijana anaielekeza bomba kwenye shingo kabisa ing'ae, maji yanasukuma vumbi ndani na kutoa grisi. Mwambie apitishe maji mbali na shingo na mbali na sili za shokapu, zile raba zinazozuia oili isivuje, hapo panafutwa kwa kitambaa.

Sasa ukigundua ni shingo, kuna hali mbili. Kama inacheza ila usukani unazunguka laini bila kunasa popote, inaweza ikawa imelegea tu, inabanwa. Fundi alegeze ile nati kubwa ya juu katikati, alegeze na bolti zinazobana shokapu kwenye kile chuma cha juu, hizi wengi wanaziruka alafu wanashangaa kubana hakuleti kitu, kile chuma cha juu kikiwa kimeng'ang'ania shokapu hakiwezi kushuka. Chini yake kuna nati ya duara yenye meno. Hiyo inabanwa kwa spana yake ya ndoano, kidogo kidogo, kama sehemu moja ya nane ya mzunguko alafu unapima tena kwa kuvuta sukuma. Isipigwe kwa tindo na nyundo. Nimeona nati za Boxer zimetafunwa meno yote kwa tindo, ikifika siku ya kuifungua ni kazi ya nusu siku.

Kinachotafutwa ni kusimama pale pale kucheza kunapoisha. Ukipitiliza umeharibu upande mwingine, usukani unakuwa mzito, pikipiki ukienda taratibu inayumba kushoto kulia kama imelewa, we unairekebisha inapitiliza, na kwenye mchanga wa korongo unaweza ukaenda chini bila kujua kosa ni la nani. Na akishabana ile nati kubwa ya juu lazima apime tena kutoka mwanzo, mana yenyewe inaposhuka inaongeza mbano kwenye gololi. Fundi asiyepima mara ya pili mrudishe chini apime. We ndo unayeiendesha.

Hali ya pili ni usukani unaonasa katikati. Hapo kubana hakusaidii, mlio utapungua siku tatu nne alafu utarudi, na pikipiki itakuwa inakataa kwenda moja kwa moja. Dawa ni seti nzima, vikombe vya juu na chini na gololi zake zote. Usikubali kuweka gololi mpya kwenye vikombe vya zamani, zitaenda kulala kwenye vishimo vile vile. Wakati wa kufungua mtandike kiroba chini mana gololi zitamwagika na kwenye mchanga wa Dodoma hutozipata, na zinatakiwa zihesabiwe, za juu zangapi na za chini zangapi, zisichanganywe. Kikombe cha zamani kinatolewa kwa chuma kirefu kinachopitishwa ndani ya shingo, unagonga kidogo huku kidogo kule kishuke sawa, na kipya kinaingizwa kwa kukilaza kile cha zamani juu yake ndo unagonga, nyundo isiguse njia ya gololi. Grisi ijae, hapa sio sehemu ya kubania grisi. Alafu ukipiga kama kilometa 500 rudi ibanwe kidogo, vikombe vipya huwa vinakaa.

Hayo ndo ya shingo, na kama ningelazimishwa kubashiri kwa meseji yako tu ningebaki hapo. Ila turudi kwenye rasta.

Mlio wa kwenye rasta unaweza ukawa wa oili ya shokapu, na kwa we uliyefunga shokapu mpya nataka uliangalie hili vizuri. Ndani ya shokapu springi ndo inayobeba uzito, lakini springi peke yake inarusha, ukiikandamiza ukaiachia inaruka. Kinachoizuia isiruke ni oili inayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo vya bomba la ndani. Oili ikiwa pungufu, au imezeeka imekuwa nyepesi na chafu, springi inalirusha bomba juu mpaka mwisho wa safari yake, chuma kinagonga tok. Kwenye rasta iyo inatokea mfululizo, tok tok tok tok, kila mstari na wake.

Jipime hivi: simama pembeni ya pikipiki, shika breki ya mbele, kandamiza usukani kwa uzito wako wote alafu achia ghafla. Shokapu nzima inashuka, inapanda kwa utulivu, inasimama. Ikipanda kama imerushwa na ikagonga juu, au ikacheza juu chini mara mbili tatu kabla ya kutulia, oili hamna au haifai. Kuwa mpya dukani sio ushahidi kwamba ina oili. Nimeshafungua shokapu za boksi, nikazigeuza juu ya sufuria, mguu mmoja ukatoa oili ya maana na mwingine ukatoa kijiko. Mimi mpya zote naziweka oili upya kabla sijafunga.

Kiasi chake kipo kwenye kitabu cha pikipiki, tafuta cha modeli yako, usikadirie kwa macho. Pikipiki ndogo kama hizi mguu mmoja haufiki robo lita, kwa hiyo kosa dogo la kipimo linahisiwa barabarani. Nunua bomba la sindano kubwa duka la dawa, pima kwa mililita, mguu wa kushoto na wa kulia viwe sawa sawa. Aina ni oili ya shokapu, nyingi za pikipiki hizi ni 10W. Najua vijiweni wanaweka oili ya injini ile 20W-50 wanasema inafanya ngumu inafaa kwa mizigo. Inafanya ngumu kweli, ila kwenye rasta shokapu inashuka na haiwahi kupanda kabla ya mstari unaofuata, mpaka ukifika wa mwisho imebaki chini haina pa kwenda, mikono ndo inapokea. Kwa mizigo ya Mvumi afadhali springi nzima na oili sahihi.

Kama oili iliyotoka ni ya kijivu ina mng'ao mng'ao, iyo ni aluminiamu ya bomba la chini inayokwanguliwa. Na chini kabisa ya kila mguu kuna bolti inayoshika bomba la ndani, ipo karibu na ekseli, imejificha kwa chini. Ikilegea inagonga na inavujisha oili kwa chini badala ya juu. Kwa shokapu iliyofungwa juzi nisingeiacha bila kuikagua.

Kuhusu kubadilisha oili, kwa bodaboda wetu mi nashauri kila kilometa 10,000. Inaonekana nyingi lakini ukipiga kilometa 100 kwa siku zinaisha ndani ya siku mia moja, yaani miezi mitatu na kitu. Oili ya injini unaikumbuka, hii ya shokapu kuna watu wana miaka mitano hawajawahi kuiona rangi yake.

Sasa lile bamba la breki nililosema usiparuke. Kama Boxer yako mbele ni ya breki shuu, pale chini kwenye shokapu ya upande wa breki kuna ulimi wa chuma umetokeza, na bamba la breki lina mfereji unaoingia kwenye ule ulimi. Ndo kinacholizuia bamba lisizunguke na tairi unaposhika breki. Mfereji ukiwa umepanuka au ulimi umelika, ukishika breki bamba linagonga mara moja mbele, ukiachia linagonga kurudi. Sikiliza jinsi inavyofanana na mlio wa shingo, neno kwa neno. Ndo mana nimekwambia kidole kifike mpaka chini.

Na kuna hatari kubwa kuliko kugonga. Wewe shokapu zako zimetolewa na kurudishwa juzi, kwa hiyo tairi nayo ilitolewa. Fundi mwenye haraka anaweza kurudisha tairi bila kuingiza ule ulimi kwenye mfereji, ekseli inaingia vizuri tu, tairi inazunguka vizuri tu, hakuna kinachoonekana. Siku utakayoshika breki kwa nguvu bamba linazunguka lote na tairi, linaviringisha waya wa breki, tairi ya mbele inafunga papo hapo. Mdogo wangu, kabla hujabeba abiria mwingine yeyote, hata kama hufanyi kingine chochote kati ya nilivyoandika hapa, chuchumaa uangalie ule ulimi kwa macho yako. Ni dakika moja. Kama haupo ndani ya mfereji pikipiki haiendi popote, isukume kwa mkono mpaka gereji.

Kama mbele ni diski, hapo unashika kalipa, kile chuma kinachobeba pedi za breki, kwa mkono na kuitikisa, bolti zake mbili ziwe zimekaza, na pedi huwa zinacheza zikipoteza kile kibati cha springi kinachozibana. Huo ndo ule mlio wa chaka chaka unaonyamaza ukigusa breki.

Vilivyobaki vinaenda haraka. Tairi ikiwa bado hewani ishike juu na chini, itikise kushoto kulia, ikicheza ni beringi za tairi au nati ya ekseli. Piga spoku kwa bisibisi moja moja, inayolia butu imelegea. Shika madigadi, taa, sahani ya namba, vile vyuma vya kukinga miguu, kishikio cha simu, tikisa kimoja kimoja. Kuna dada mmoja wa Chang'ombe anapeleka chakula maofisini, aliteseka wiki mbili na mlio, kumbe bolti moja ya madigadi imekatika na madigadi inapiga shokapu kwa ndani, alama ya kung'aa ilikuwepo pale pale kwenye bomba. Angalia alama za kung'aa. Chuma kinachogongana na chuma hakishiki vumbi, na kwa vumbi letu hili alama inaonekana kwa mbali.

Kuhusu yule fundi, nenda kwake kwa amani, usiende kugombana. Muombe zile shokapu zako za zamani kama bado anazo. Ni mali yako, ulishailipia uliponunua pikipiki, na kama bomba la kromu halijapinda wala kuchubuka, zinaweza kuwekwa sili na oili zikakaa akiba. Kujua kama limepinda lilaze juu ya kioo cha dirisha uliviringishe, lililopinda linadunda. Mwambie pia afanye kile kipimo cha breki mbele yako, we ukiwa juu yeye kidole kwenye shingo. Fundi muungwana atakihisi mwenyewe na atajua la kufanya.

Na kama atafungua tairi tena, mwambie kwenye kufunga ekseli isikazwe mpaka mwisho kwanza. Bolti za kubana shokapu juu na chini zikiwa zimeshakazwa, pikipiki ishuke chini, ushike breki ya mbele uikandamize mara tatu nne ili shokapu zijipange zenyewe, ndo ekseli ikazwe. Ukikaza ekseli tairi ikiwa hewani miguu miwili inaweza kubaki inasukumana, shokapu zinashuka kwa kusita, na hapo ndo mtu anarudi tena analalamika shokapu mpya ngumu.

Kwa hiyo mpangilio wako wa leo uwe huu: ulimi wa bamba kwanza, alafu kidole kwenye shingo, alafu tairi hewani, alafu kukandamiza na kuachia. Ruti ya Mvumi iache mpaka umejua, hapa mjini unaweza ukasogea polepole mwenyewe bila abiria kama ulimi upo sawa na usukani haunasi. Ukishapima niandikie vitu viwili tu, kidole kilihisi wapi, na usukani ukifika katikati unafanyaje. Nikipata iyo ntakwambia ununue nini na kipi usiguse.